Jinsi ya kuchomoa droo ukiwa umezidiwa askari mmoja

Wadau wa chesi, Jumamosi pale Ujiji chini ya mwembe nimetoka droo na kaka mmoja ambaye siku zote ananifunga, watu wakawa wananiuliza umewezaje na wewe ulikuwa pungufu askari (zile kete ndogo za mbele), basi naelezea hapa maana hii kitu kila mtu wa klabu anatakiwa aijue.

Ukishaona unazidiwa, badilishana kete zingine ila ngome yako (ile kete inayokwenda moja kwa moja mbele, nyuma au pembeni) usiiachie. Mkibaki ngome kwa ngome na yeye ana askari mmoja, droo bado ipo, mradi mfalme wako amekaa mbele ya huyo askari, kwenye njia yake kabisa.

Mi nilikuwa na kete nyeusi, mfalme e8, ngome a6 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala ukihesabu kutoka upande wa mweupe). Yeye mfalme d5, askari e5, ngome h7. Ona ngome yangu iko mstari wa 6, mfalme wake hawezi kupanda hapo. Kazi yako ni kutulia tu, a6 kwenda b6, b6 kurudi a6, hata akikaa anafikiria nusu saa we usihangaike. Mwisho atachoka atasukuma askari e6. Sasa hapo ndo unashusha ngome mpaka chini kabisa, a1, akija mfalme d6 unampiga cheki, yaani unamshambulia mfalme wake kwa ngome, d1, akihama unampiga tena, kwa nyuma kwa nyuma, hana pa kujificha kwa sababu askari wa kumkinga keshatangulia. Wengi wanakosea hapa, wanashusha ngome mapema kabla askari hajafika mstari wa 6, mfalme anapanda anaanza kukutishia "mate", yaani kumbana mfalme wako akose pa kukimbilia, jamani vumilieni. Mbinu hii aliichambua Mfaransa Philidor tangu karne ya 18 na mpaka leo inafanya kazi.

Alafu kudai droo kuna utaratibu wake. Kama muvu yako italeta pozisheni (mpangilio wa kete zote ubaoni) ile ile mara ya tatu, usiiguse kete, andika hiyo muvu kwenye karatasi, simamisha saa, mwite refa. Ukishagusa kete umepoteza haki ya kudai kwa muvu hiyo. Vilevile zikipita muvu 50 kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea unaruhusiwa kudai.

Na kama unataka kumuomba mwenzio droo, cheza kwanza muvu yako, sema "droo?", ndo ubonyeze saa. Akikataa endelea kucheza, usimuulize kila dakika, ni kumsumbua.