Rilei ya droni kwa magari yanayopoteza mtandao

Kilima, jengo au lori refu likikaa kati ya gari na mnara wenye redio yako ya mtandao, kuongeza nguvu ya redio husaidia kidogo sana. Kinachohitajika ni njia iliyo wazi: pandisha droni mita 80 hadi 100 ili ione pande zote mbili na kupokezanisha data (hiyo ndiyo rilei). Nchi nyingi zimeweka kikomo cha mita 120 na hudai kibali.

Anza na hesabu. Kwenye masafa ya megahezi 2,400 (yaani gigahezi 2.4), kilomita 1 hula takriban desibeli 100, kipimo cha jinsi mawimbi yanavyopungua au kuongezeka nguvu. Redio ikirusha dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), na kila upande una antena ya dBi 3 (desibeli ambazo antena huongeza kwa kuelekeza mawimbi), gari litapokea dBm -74. Kila umbali unapozidi maradufu, desibeli 6 zaidi hupotea. Bakiza akiba ya desibeli 10 hadi 15 juu ya kiwango cha chini kabisa ambacho redio yako inaweza kupokea.

Funga redio mbili. Redio moja kwenye chaneli moja haisikilizi inaporusha, hivyo kasi hushuka hadi nusu au chini yake. Gigahezi 5.8 iongee na mnara, 2.4 ihudumie magari. Hakikisha kwanza rimoti ya droni haitumii 2.4 pia, la sivyo unaweza kupoteza usukani angani.

Antena ndiyo huharibu kazi mara nyingi. Antena ya fimbo iliyosimama wima hurusha kuzunguka ubavu wake, si kuelekea ncha zake. Kwa hiyo gari lililo chini kabisa ya droni hukosa mawimbi ingawa ndilo lililo karibu zaidi. Isimamishe droni kando ya barabara, umbali unaokaribia kimo chake, au tumia antena bapa inayotazama chini. Ining'inize mbali na fremu ya nyuzi za kaboni, kwani huzuia mawimbi. Antena zote ziwe wima. Moja ikilala, desibeli 20 zinaweza kupotea.

Kwenye gari, weka antena katikati ya paa la chuma, mbali na keria. RG-58, kebo nyembamba ya antena, hula karibu desibeli 1 kwa mita, kwa hiyo ruta ikae chini tu ya paa.

Betri ya droni ndogo huisha ndani ya dakika 20 hadi 40. Kwa kazi ya saa nyingi, tumia droni inayolishwa umeme kwa waya kutoka ardhini. Umeme upande kwa volti za juu, maana kwa volti 24 ungehitaji waya mnene ambao droni haiwezi kuubeba. Iachie droni betri ndogo ya kuiwezesha kutua waya ukikatika.

Mwisho, endesha polepole ukirekodi dBm kila mita 100, droni ikiwa mita 60, kisha 80, kisha 100. Vipimo vikiwa vibaya chini ya droni tu, rekebisha antena. Vikiwa vibaya mbali tu, ongeza kimo.