Sindano ya filgrastimu nyumbani: soma mikrogramu, yuniti ziache

Mwongozo huu umetokana na simu. Binti mmoja anayemuuguza mama yake, aliye kwenye kemo (dawa za kuua saratani) kwa saratani ya titi, alinunua dawa famasi nyingine, akapewa boksi lisilofanana na lile alilolizoea. Akanipigia: "Sista, ya mwanzo nilikuwa navuta mililita moja. Hii ina nusu mililita tu. Nimchome mbili?" Jibu ni hapana, lakini kumwonyesha kwa nini ni hapana kulituchukua jioni nzima. Wengine watakutana na boksi hilohilo, kwa hiyo naandika.

Filgrastimu inauchochea uboho ulio ndani ya mifupa utoe nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazokuwa za kwanza kupambana na bakteria. Kemo huziangusha, na kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Dozi anaipanga daktari wako. Mimi naeleza namna ya kuifikisha mwilini bila kuipunguza wala kuizidisha. Na kabla hamjauliza: juisi ya rosela na bitiruti haziwezi kufanya kazi hii. Kama mgonjwa anazipenda, anywe.

Hatua ya 1: Saa

Sindano ya kwanza isichomwe kabla ya saa 24 kupita tangu kemo ilipomalizika. Dripu ikitolewa Jumanne saa kumi jioni, usiguse sindano kabla ya Jumatano saa kumi jioni. Mwishoni ni hivyohivyo: ya mwisho iwe imepita saa 24 au zaidi kabla ya kemo inayofuata. Sababu ni kwamba kemo inaua chembe zinazogawanyika haraka, na dawa hii inazifanya zigawanyike haraka. Ukizikutanisha umezipeleka machinjioni.

Weka alamu ya simu, uchome saa ileile kila siku. Ukisahau siku moja, piga simu kliniki. Usifidie kwa kuchoma mbili.

Hatua ya 2: Dozi. Hapa tulia

Kwa mgonjwa wa kemo, dozi ya kawaida ya kuanzia ni mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anaangukia mikrogramu 300. Mtoto wa kilo 18 anaangukia mikrogramu 90. Daktari anaweza kusogeza namba kidogo ili ilingane na dawa iliyopo. Kusogeza huko ni kazi yake, siyo yako.

Sasa lichukue boksi. Utakuta namba za aina tatu, na ndizo zinazochanganya watu.

Ya kwanza ni mikrogramu, huandikwa mcg au µg. Hiyo ndiyo dozi. Ikiandikwa kwa miligramu, 0.3 mg ni mikrogramu 300 zilezile.

Ya pili ni mililita. Huo ni wingi wa maji yaliyobeba dawa, basi. Kuna kichupa chenye mikrogramu 300 ndani ya mililita 1, na kuna bomba lililojazwa kiwandani lenye mikrogramu 300 ndani ya mililita 0.5. Dawa ni ileile, maji ni nusu. Yule binti alikuwa ametoka kwenye kichupa akaingia kwenye bomba. Angechoma mabomba mawili ili "afikishe mililita moja", mama angepata mikrogramu 600, dozi ya siku mbili kwa mpigo. Ipo pia ya mikrogramu 480: kichupa chake ni mililita 1.6 na bomba ni mililita 0.8.

Ya tatu ni yuniti milioni, au MU. Mikrogramu 300 ni yuniti milioni 30, na mikrogramu 480 ni yuniti milioni 48. Hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote, kwa sababu nyumba nyingi zina mabomba ya insulini, na mabomba ya insulini yana alama za "yuniti". Mtu anasoma 30 kwenye boksi, anavuta hadi alama ya 30 kwenye bomba la insulini, anaridhika kabisa. Kwenye bomba la insulini la alama 100, alama ya 30 ni mililita 0.3. Kwenye kichupa cha mikrogramu 300 kwa mililita 1 hiyo ni mikrogramu 90 tu, chini ya theluthi moja ya dozi. Kuna na mabomba ambayo mililita moja imegawanywa alama 40. Humo alama ya 30 ni mililita 0.75. Yuniti za insulini na yuniti za filgrastimu hazina undugu wowote.

Kwa hiyo msimamo wangu haubadiliki: bomba la insulini lisitumike kwa dawa hii, hata kama hesabu unaijua. Usiku umeme umekatika, umechoka, hesabu itakutoroka. Nunua mabomba ya mililita 1 yenye alama za sehemu ya mia. Bei yake ni ndogo. Bomba la mililita 5 nalo liache, alama zake ni pana mno kwa vipimo vidogo.

Hesabu ni moja tu: mikrogramu alizoandika daktari, gawanya kwa mikrogramu zilizo ndani ya mililita moja. Angalia neno "mililita moja". Bomba la 300 kwa 0.5 lina mikrogramu 600 kwa mililita. Mtoto wetu wa mikrogramu 90 atahitaji mililita 0.3 kutoka kichupani, lakini mililita 0.15 kama dawa ni ya bomba hilo. Na hiyo 0.15 usijaribu kuikadiria kwa bomba lililojazwa kiwandani. Dozi iliyo chini ya mililita 0.3 haipimiki vizuri kwa mabomba hayo. Kwa watoto omba kichupa.

Ukishapata jibu, liandike kwa kalamu ya wino kwenye boksi lenyewe: "MAMA: mikrogramu 300 = bomba 1 zima." Boksi jipya likija, usinakili. Piga hesabu upya, kisha mpigie nesi umsomee maneno yote ya boksi jinsi yalivyo, au mtumie picha. Neupogen, jina la kibiashara la filgrastimu ya awali, imekuwepo tangu 1991, na tangu hapo zimeongezeka dawa za makampuni mengine zenye filgrastimu ileile (Marekani iliidhinisha Zarxio mwaka 2015), ndiyo maana boksi linaweza kubadilika kila unapokwenda kununua.

Mwisho wa hatua hii, jina. Ukiona "peg" mbele ya filgrastimu, simama. Pegfilgrastimu inakaa mwilini muda mrefu. Mtu mzima huchomwa miligramu 6 mara moja tu kwa kila mzunguko wa kemo. Haichomwi kila siku, wala haichanganywi na hii nyingine.

Hatua ya 3: Friji

Nyuzijoto 2 hadi 8, ndani ya boksi lake ili mwanga usiifikie. Rafu ya kati. Mlangoni hapafai, joto linapanda kila mtoto akifuata maji. Isigusane na barafu. Ikiganda, au umeme ukikatika mpaka friji ikapoteza ubaridi, usiibahatishe: muulize mfamasia, kwa sababu muda wa kukaa nje unatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Safarini tumia chupa ya chai yenye mdomo mpana au kipoozeo, na dawa uifunge kwenye taulo isilale juu ya barafu.

Usiitikise. Hii ni protini. Ikitoa mapovu, ikiwa na vipande au rangi isiyo safi, usiitumie.

Hatua ya 4: Kuchoma

Itoe nje dakika 30 kabla. Ya baridi inauma zaidi. Usiipashe kwa maji moto wala juani. Nawa mikono kwa sabuni.

Chagua tumbo, sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni, au mbele ya paja. Kwa anayejichoma mwenyewe napendelea paja. Badilisha sehemu kila siku, epuka kovu na michubuko. Futa kwa spiriti, acha ikauke. Bana ngozi, ingiza sindano, sukuma polepole hadi mwisho, toa. Usisugue.

Kichupa kikibaki na dawa, mwaga. Najua bei yake, lakini haina kihifadhi, na mgonjwa wako ndiye asiye na kinga. Sindano iende kwenye galoni gumu la plastiki lenye kifuniko bila kuirudishia kofia, galoni lipelekwe hospitali.

Hatua ya 5: Siku zinazofuata

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, sehemu uliyochoma, jotoridi.

Siku moja au mbili za mwanzo nyutrofili zinaweza kuruka juu, halafu zikaanguka tena. Watu wanaona kipimo kizuri wanaacha dawa. Usiache mpaka daktari aseme. Sindano huendelea hadi damu ivuke kipindi kile cha kushuka, na zinaweza kufika wiki mbili.

Mifupa itauma: kiuno, nyonga, mapaja, kidari. Uboho uko kazini. Parasetamoli inatosha kwa wengi, ila pima joto kwanza ndipo umpe, kwa sababu parasetamoli itaificha homa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini msizitumie bila kuuliza, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinaweza kuwa zimeshuka.

Mwenye selimundu lazima daktari ajue kabla ya sindano ya kwanza. Dawa hii inaweza kumletea shambulio kali, hata la kuua.

Haya hayasubiri asubuhi: joto la 38 au zaidi, maumivu juu ya tumbo upande wa kushoto au kwenye ncha ya bega la kushoto, maana bandama inaweza kuvimba na kupasuka, pumzi kubana, uso kuvimba au vipele mwili mzima, mkojo wa rangi ya damu au ya chai. Nenda na boksi la dawa na daftari. Ukifika usikae kwenye foleni. Mwambie wa kwanza unayemkuta: "Mgonjwa yuko kwenye kemo, anachomwa filgrastimu," kisha utaje dalili. Kwa mgonjwa wa kemo mwenye homa, antibayotiki ya mshipani inatakiwa ianze haraka, na kaunta ya usajili haijui hilo mpaka uwaambie.