Joto juu, baridi chini: mambo ya kuzingatia kabla ya kushuka mto Colorado

Safari za kushuka Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani, kwa boti huanzia Lees Ferry, kaskazini mwa jimbo la Arizona. Asubuhi ile ya Juni tulipofika, mchanga ulikuwa umeshaanza kuchoma nyayo na kila mtu akakimbilia majini. Hakuna aliyemaliza dakika mbili. Mimi ni mtoto wa Tanga, bahari nimeizoea tangu utotoni, nikadhani maji ni maji. Nilipozamisha miguu mpaka kwenye vifundo, mifupa iliuma kama nimeitia kwenye deli la barafu. Juu jua la nyuzi 40, chini maji ya nyuzi 10 hivi. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya maandalizi, kwa sababu karibu kila kitu utakachobeba kinatokana nalo.

Baridi ile si ya mto wenyewe. Kilomita 25 juu ya Lees Ferry kuna bwawa la Glen Canyon, lililoanza kuzuia maji mwaka 1963. Maji yanayotoka huchotwa vilindini mwa Ziwa Powell, ziwa lililojaa nyuma ya bwawa hilo, jua lisikofika. Kabla ya bwawa, mto ulikuwa vuguvugu wakati wa kiangazi, tena mwekundu kwa tope. Hata jina Colorado ni Kihispania cha mwekundu. Siku hizi huwa wa kijani mpaka mvua inyeshe na mito midogo kama Paria ilete tope lake. Bwawa hilohilo limezaa jambo jingine ambalo mtu wa pwani atalielewa haraka kuliko abiria wenzake: mto unajaa na kupwa. Bwawa huzalisha umeme: wakati watu wa mijini wamewasha viyoyozi, umeme unahitajika na maji huachiliwa kwa wingi, usiku hupunguzwa. Usiku mmoja tuliyafunga maboti yakielea, alfajiri tukayakuta yamekaa mchangani kama ngalawa za Ras Kazone. Kupiga hesabu ya maji ni kazi ya viongozi. Yako ni kutoacha ndala ukingoni.

Kabla ya kulipa, jua unalipia safari gani. Kuna maboti makubwa ya mota, yenye urefu wa mita 10 hivi, ambayo hushuka korongo lote kwa siku sita hadi nane. Kuna madogo ya makasia, ambayo huchukua wiki mbili na zaidi. Mota haziruhusiwi kuanzia Septemba 16 hadi Machi 31, kwa hiyo anayetaka ukimya achague majira hayo. Nafasi hujaa mwaka mzima kabla, na hifadhi ya taifa ya Grand Canyon humruhusu mtu safari moja tu ya mto kwa mwaka. Anayetoka Dar au Nairobi aanze na miadi ya viza, si na kununua sandali.

Halafu kuna safari za nusu, na hapa wengi hunaswa. Nusu ya kwanza huishia Phantom Ranch, chini kabisa ya korongo. Hakuna barabara. Unatoka kwa miguu, kilomita 15 hivi kwa njia ya Bright Angel, ukipanda zaidi ya mita 1,300. Mwenzetu mmoja aliona bei ya nusu ni nafuu akachukua, akadhani ni matembezi. Alianza kupanda saa kumi alfajiri akafika juu mchana umeshaingia, na magoti yake hayajamsamehe hadi leo. Ukichagua nusu hiyo, panda ngazi za ghorofa mara tatu kwa wiki, miezi miwili kabla, na mzigo mgongoni. Mazoezi ya uwanja tambarare hayatakusaidia.

Waliowahi kushuka Nile pale Jinja, au mto wa Sagana kule Kenya, watasema wanaijua kazi hii. Wanaijua nusu. Kule ni mchezo wa siku moja, maji hayakuumizi, jioni unakula chakula hotelini. Huku hata vipimo ni vingine: maporomoko ya Grand Canyon, yaani sehemu ambazo mto huchafuka na kwenda kasi juu ya mawe, hupewa alama kuanzia 1 hadi 10, si 1 hadi 6 kama kwingineko, kwa hiyo ukisikia poromoko la 5 usikimbie. Kila mahali hutajwa kwa maili kutoka Lees Ferry. Lava Falls, poromoko ambalo kila mtu huliwaza tangu siku ya kwanza, liko maili ya 179.

Sasa mwili wako. Kampuni itakutumia fomu ya afya. Ijaze kwa ukweli. Pumu, sukari, presha, mimba, goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, andika vyote. Na kama hujui kuogelea, sema. Si aibu, na wengi wetu hatujui. Laifu jaketi itakuelesha hata kama hujui, mradi umeifunga ikakubana hasa: mtu akiishika mabegani na kuivuta, isipande mpaka masikioni. Ukiangukia mtoni, jambo la kwanza litakalokutokea ni pumzi kukatika kwa baridi. Utavuta hewa kwa nguvu bila kutaka. Funga mdomo likikupita wimbi, kisha ulale chali, miguu ikitangulia kuelekea mto unakokwenda, vidole vya miguu juu. Usijaribu kusimama, mguu ukinaswa kati ya mawe mto utakulaza chini. Sisi tulilifanyia mazoezi hili sebuleni, kwenye zulia. Watoto walicheka sana, lakini mke wangu alipodondoka siku ya tatu alilala chali bila kufikiri.

Dawa unazotumia kila siku zigawe mafungu mawili, moja kwako na jingine kwa kiongozi kwenye boti jingine. Miwani iwe na kamba, na ya akiba iwepo. Wanaovaa lenzi za macho wajue kwamba mchanga huko hupenya kila kitu.

Nguo ndizo zilizonifundisha zaidi. Orodha ya kampuni ilisema koti na suruali ya mvua, na tulikuwa Juni, jangwani. Nilicheka, nikabeba koti tu, suruali nikaiacha. Kwenye poromoko la pili ndoo nzima ya maji yale ilinimwagikia mapajani, kisha tukaingia sehemu ambayo kuta zimelizuia jua. Nilitetemeka meno yakigongana, juu ya kichwa changu kibao cha anga kikiwaka jua kali. Kwa hiyo vaa nguo nyepesi za nailoni au polista zinazokauka upesi, mikono mirefu kwa ajili ya jua, na juu yake koti na suruali ya mvua kila yanapokaribia maporomoko. Pamba ikilowa kwenye boti hukaa na maji yake na kukunyonya joto.

Lakini pamba ina mahali pake, nako ni nchi kavu. Katika mkoba wote kitu nilichokishukuru kuliko vingine ni kanga mbili ambazo mke wangu alizitupia dakika ya mwisho. Mchana unaichovya mtoni, unaikamua, unaitupa mabegani, na kwa nusu saa wewe ni mtu tena. Ni pazia la kubadilishia nguo kwenye ufuko usio na mti. Ni shuka, kwa sababu usiku wa Juni kuta za mawe hutema joto lililoshikwa mchana na mfuko wa kulalia huna haja ya kuufungua. Unajifunika kanga mbichi na unalala kabla haijakauka. Wamarekani nao hubeba vitambaa vya namna hiyo, ila vyao havina jina. Kufikia siku ya nne mmoja wa viongozi alikuwa anavaa kanga yetu ya pili na kutaka atafsiriwe maandishi. Wanaume, kikoi kinatosha.

Viatu: sandali zenye mikanda ya kukaza kifundoni kwa ajili ya boti, na viatu vya kufunika kwa ajili ya kupanda. Ndala ni za kambini tu. Sasa hapa sikiliza, maana ni jambo dogo linaloharibu safari za watu wazima. Maji baridi, mchanga laini na hewa kavu hupasua ngozi. Siku ya tatu vidole vyangu vya mikono vilikuwa na nyufa kando ya kucha, siku ya nne siwezi kufunga zipu bila kuguna. Dawa yake haina ufundi: kila jioni osha miguu na mikono mchanga utoke wote, hasa katikati ya vidole, kausha, paka mafuta mazito, yale ya mgando ya nyumbani ni bora kuliko losheni zenye manukato, vaa soksi safi ulale nazo. Ufa ukishafunguka, wazoefu wa mto huuziba kwa supa gluu. Nilidhani wananitania. Kesho yake niliomba chupa.

Kuhusu kunywa maji, kila mtu atakuambia unywe. Asichokuambia ni kwamba maji matupu peke yake nayo ni hatari. Unatoka jasho linalokauka kabla hujaliona, chumvi inaondoka, wewe unazidi kujaza maji. Mwisho chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na mwenzako anakunywesha maji zaidi akidhani ni kiu. Beba pakiti za ORS, zilezile wanazopewa watoto wanaoharisha, na kula vitu vya chumvi kila unapokunywa.

Chakula chenyewe hakina shida. Mwaka 1869 John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono vitani, alishuka na watu wake na kufika katikati ya korongo hili wakiwa wamebaki na unga uliovunda, tufaha zilizokaushwa na kahawa. Leo kuna nyama ya kuchoma, saladi na keki iliyookwa juu ya mkaa. Ila duka hakuna. Kama huli nguruwe, andika kwenye fomu mapema, maana asubuhi nyingi kikaango kinaanza naye. Na beba majani yako ya chai, iliki na tangawizi, kwa kuwa wenzetu wanapika kahawa ya kuamsha maiti lakini chai hawaijui.

Choo. Kila mtu anataka kuuliza na hakuna anayeuliza. Haja ndogo huenda mtoni, ndiyo, ni kanuni ya hifadhi, kwa sababu fukwe ni chache na wasafiri ni maelfu. Haja kubwa huenda kwenye sanduku la chuma lenye kiti, linalobebwa kwenye boti mpaka mwisho wa safari. Wenyewe huliita guruva, kutokana na neno la Kiingereza la mfereji, kwa sababu zamani lilikuwa sanduku tupu la risasi lisilo na kiti: aliyeinuka alikuwa na mistari miwili matakoni. Huwekwa mbali na kambi, na mara nyingi ndiko kwenye mandhari nzuri kuliko zote. Usisahau sabuni ukitoka. Mwaka 2022 virusi vya norovairasi vya kutapisha na kuharisha viliwapata watu zaidi ya 150 ndani ya korongo lile, na kuumwa tumbo pale ambapo choo ni kimoja si jambo la kutamani.

Nge wapo. Kung'uta viatu na nguo asubuhi, usitembee peku gizani, beba taa ya kichwani. Kunguru na panya ndio wezi hasa.

Kama umechagua Julai hadi katikati ya Septemba, jiandae kwa mvua za ngurumo. Mvua inaweza kunyesha mbali, usiione wala kuisikia, na maji yakaja na magogo kwenye kijito ulichokuwa unapigia picha. Kiongozi akisema tutoke, toka, picha iache.

Simu haishiki mtandao tangu siku ya kwanza. Viongozi wana simu ya setilaiti kwa dharura, na dharura huku maana yake ni helikopta, kwa hiyo soma bima yako uone kama inamlipia mtu kutolewa nyikani. Nyumbani waachie tarehe ya kutoka na namba ya ofisi ya kampuni, na waambie wazi kwamba kimya cha siku nane si msiba. Mama yangu nilimwambia mara tatu na bado alipiga simu kwa shangazi zangu wote.

La mwisho ni saa. Arizona haisogezi saa wakati wa kiangazi, lakini ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili, iliyo ng'ambo ya mto, husogeza. Simu yako ikidaka mnara wa upande ule, itakuongezea saa nzima bila kukuuliza. Sisi tuliamka saa kumi tukidhani ni kumi na moja. Zima ile sehemu ya saa kujibadilisha yenyewe, uiweke kwa mkono. Kisha usiku wa kuamkia safari fungua mkoba wako mdogo, ule utakaokaa nao kwenye boti, na uhakikishe ndani kuna koti la mvua, losheni ya jua, ORS, dawa na kanga, maana mfuko mkubwa ukishafungwa kamba asubuhi hutauona tena mpaka kambini.