Namna ninavyotumia mabuti ya hewa baada ya mbio ndefu

Kabla ya kuvaa, nenda msalani. Sitanii: ukishafungwa hadi karibu na kinena huendi popote.

Mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu, na mabuti haya marefu, yanayobana na kuachia miguu ili ipumzike, nayavaa siku ninazokimbia vilima tu. Ndani yake mna vifuko vinavyojazwa hewa na pampu ndogo, kimoja baada ya kingine: wayo kwanza, kisha kigimbi, goti, paja. Mpangilio huo una sababu. Ukitembea, misuli ya kigimbi huibana mishipa na kuisukuma damu irudi moyoni. Ukilala misuli imetulia, kwa hiyo pampu inaifanyia kazi yake. Hospitalini mashine za aina hii zimetumika muda mrefu kuzuia damu kuganda miguuni kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji.

Nikimaliza kukimbia natembea kwanza mpaka pumzi itulie, nakunywa maji, naoga. Navaa suruali nyepesi isiyo na kitu mfukoni, maana ufunguo ukibanwa pajani utaukumbuka. Nalala chali, nafunga zipu mpaka mwisho, nahakikisha mipira inayopeleka hewa kutoka kwenye pampu haijajikunja, ndipo nawasha.

Presha ndiyo watu wanakoharibu. Hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu, na mashine nyingi hufika 100 au zaidi. Anza chini, 30 au 40. Unatakiwa usikie mbano imara, na hewa ikitoka mguu ulegee. Ukipata ganzi, vidole vikibadilika rangi au ukisikia maumivu, zima. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Sioni faida ya kukaa humo saa nzima.

Usitarajie muujiza. Uzito wa miguu hupungua, kwangu hata usingizi huja vizuri, lakini haijathibitika kwamba nguvu za misuli hurudi mapema zaidi. Na wanaosema mabuti yanaondoa asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ukijituma sana, wapuuze: hiyo mwili huiondoa wenyewe muda mfupi baada ya mazoezi, wala siyo inayokuumiza kesho yake.

Usiyavae kabisa kama una damu iliyoganda mguuni, moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri, mishipa iliyoziba, kidonda, mfupa uliovunjika au maambukizi ya ngozi. Mjamzito, au mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu, amwone daktari kwanza. Na kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma bila sababu, acha mabuti kabatini, nenda hospitali siku hiyohiyo.