Somo: Kuchapa kanga ya karatasi kwa ndala kuukuu

Walimu wenzangu na wazazi, somo la leo ni la kuchapa. Nimelifundisha mara nne sasa kwa kidato cha pili hapa Temeke, darasa la wanafunzi 54, na kila mara natoka darasani na rangi mpaka viwikoni na jambo moja ambalo asubuhi yake sikulijua. Mtahitaji ndala zilizokatika, rangi ya ukuta na uji wa muhogo.

Kwanza niwaeleze kwa nini niliacha namna ya zamani. Mwaka wangu wa kwanza nilichora ua ubaoni, nikawaambia wanafunzi wachore la kwao, wachague rangi wanayoipenda. Nilikusanya maua 54, na yote lilikuwa ua langu. Chaki ilikuwa imeniponyoka pembeni mwa jani moja ikaacha kimstari. Watoto sita walikichora na hicho kimstari. Niliwaza usiku kucha. Watoto wale hawakukosa ubunifu, ila ubao ulikuwa umeshawajibu kabla hawajauliza. Tangu hapo sichori mfano. Naonyesha kifaa kinavyofanya kazi, basi, picha ni ya kwao.

Nilichagua kanga kwa sababu hakuna mtoto wa mji huu asiyeijua. Siku moja kabla, waombe walete kanga moja moja kutoka nyumbani. Watandike chini, wakae kuizunguka, waonyeshane sehemu zake tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina. Kisha uliza swali moja tu: pindo linageukaje kwenye kona? Mara ya kwanza niliuliza hivyo kwa kubahatisha, wakabishana dakika kumi. Kuna kanga ambazo pindo moja linakatiza mpaka ukingoni na jingine linaishia hapo, kuna zenye ua maalumu la kona. Mtoto aliyebebwa kwa kanga tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuitazama kona yake.

Hapo ndipo unapoingiza historia, kwa ufupi. Kanga ilianza pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za Wareno, wakaziunga sita kuwa kipande kimoja. Kabla ya viwanda, nakshi ziligongwa kwa mkono, kwa vipande vya mbao vilivyochongwa, na majina ya awali yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968. Waambie kwamba kesho watafanya kwa ndala kile ambacho mafundi wale walikifanya kwa mbao.

Hatua ya 1: Maandalizi

Gawa darasa katika makundi ya watu sita. Kila kundi lipate ndala mbili kuukuu zilizooshwa kwa sabuni ya unga. Zianike kivulini, kwa sababu jua letu linazikunja na kuzisinyaza, na muhuri, yaani kipande cha ndala tutakachokichonga na kugongea rangi, ukijikunja haugongi sawa. Kata vipande mwenyewe, kwa kisu kikali juu ya ubao. Usikate kisigino. Kisigino cha ndala iliyotembea Dar kimelika upande mmoja, kwa hiyo chapa yake itatoka nusu. Kata katikati, pale unyayo unapojipinda, pasipokanyagwa sana.

Uji: kijiko kimoja cha unga wa muhogo uliochekechwa kwenye kitambaa, glasi moja ya maji, koroga motoni mpaka ung'ae, uache upoe. Changanya kipimo kimoja cha uji na viwili vya rangi ya ukuta ya maji. Rangi ikiwa peke yake huteleza na kujaa kwenye mifereji ya nakshi. Uji unaishikilia juu. Nunua rangi mbili tu. Kopo la lita moja kwa kila rangi linatosha darasa zima na linabaki.

Karatasi ni za bango kitita. Kanga halisi ina karibu sentimita 150 kwa 110, na karatasi nne zikiunganishwa kwa nyuma zinafika hapo.

Hatua ya 2: Kuchonga muhuri

Usianze na ndala, anza na dole gumba. Kila mmoja apake rangi kidogo kwenye dole gumba lake na kugonga kwenye daftari. Watazame kwa makini: mistari iliyoinuka imeshika rangi, mifereji imebaki nyeupe. Ukishawaonyesha hilo hutahitaji kueleza zaidi.

Sasa wachukue kalamu ya bik iliyokwisha wino, wachore juu ya ndala kwa kukandamiza. Mstari mmoja upitiwe mara tatu au nne mpaka uwe mfereji. Usimpe mtoto wembe. Panapotakiwa kuondolewa kipande kizima, unaondoa wewe.

Hatua ya 3: Kugonga

Rangi inapakwa kwa kipande cha godoro, kwa kugusagusa. Mtoto akifuta kama anayepiga deki, rangi inazama kwenye mifereji na nakshi inapotea. Gonga kwanza kwenye gazeti. Weka muhuri, kandamiza kwa kiganja, hesabu mpaka tano, nyanyua. Sikilizeni mlio: muhuri ukinyanyuka vizuri unatoa kisauti chepesi cha kunata, na ukitoa mlio wa maji rangi imezidi. Mwanafunzi wangu mmoja asiyeona vizuri kwa mbali ndiye aliyeugundua mlio huo kabla yangu. Alikuwa ameinamisha sikio karibu na karatasi, wenzake wakidhani anasinzia. Sasa naufundisha kila mwaka.

Hatua ya 4: Pindo na mji

Pindo lianzie kwenye kona zote nne na kwenda katikati. Hesabu haitatoka sawa, na iache isitoke. Kundi moja lilibaki na pengo la vidole viwili kila upande, wakanitazama niwaokoe. Nikawauliza kanga zao zina nini mahali kama hapo. Walikata kipande chembamba cha ndala, wakachonga nukta tatu, wakagonga kwenye mapengo yote manne. Nukta zile zikawa ndio mapigo ya pindo lao, na kundi la jirani likaenda kuziazima.

Mji sina mengi ya kuusema. Waachie.

Hatua ya 5: Jina

Hapa ndipo penye utamu wote wa somo, kwa hiyo litengee kipindi kizima cha dakika 80. Kila kundi litunge jina lake lenyewe, lisinakili la kanga ya nyumbani. Kundi moja, ambalo mwenzao mmoja anakaa bonde la Jangwani hapa mjini, panapofurika mvua ikizidi, lilitunga MVUA YA JANGWANI HAICHAGUI KIATU. Herufi 28. Msichana mmoja akazipanga pembeni mwa daftari, akafuta zinazojirudia, akasema, "Tunahitaji mihuri 14 tu." Wakaichonga wote, kila herufi kama inavyoandikwa.

Wakagonga MVUA, ikasomeka. YA, ikasomeka. Wakashangilia. Kisha J ikatoka imegeuka. N imegeuka. G imegeuka. "Mwalimu, ndala imeharibika!" Nilinyamaza, na kunyamaza kule ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya siku ile.

Walipofika kwenye C ya HAICHAGUI, nayo ikageuka kwenye gazeti la majaribio. Kijana mmoja, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa anafuta kuliko anavyochora, akaushika muhuri, akauzungusha kichwa chini, akagonga tena. C ikasomeka. Akauchukua wa K, akauzungusha, ikasomeka. Akakimbilia N, akazungusha, ikakataa. Alirudia mara tano. Kisha akasema polepole, kama anajisemea, "N ni mkaidi, lazima achongwe kinyume."

Makundi yote yaliacha kazi yakaja. Kabla ya kengele walikuwa wamezipanga herufi zote ubaoni kwa mwandiko wao. Zisizojali kugeuzwa ni A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y. Zinazokubali kichwa chini ni B, C, D, E, K, ila B ichongwe na matumbo mawili yaliyo sawa. Za kuchonga kinyume ni F, G, J, L, N, P, R, S, Z. Miaka yote ninayofundisha nilikuwa nachonga herufi zote kinyume. Sikuwahi kufikiri kwamba ni tisa tu zinazodai hivyo.

Kwa zile tisa, njia nyepesi ni hii: andika herufi kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya ndala, isugue kwa mgongo wa kijiko. Penseli inahamia kwenye ndala ikiwa imeshageuka, unafuata alama.

Zikikamilika, tundikeni kwenye kamba kwa vibanio. Kwa joto letu saa moja inatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Tabata: Shikamoo Mwalimu. Mimi nina darasa la tatu, watoto 70. Vidole vyao havina nguvu ya kukandamiza ndala. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, pole na wingi huo. Acha ndala, tumia boksi. Wabandike uzi mnene wa katani juu ya kipande cha boksi kwa gundi, kwa umbo lolote wanalotaka, ukauke usiku kucha. Uzi ulioinuka ndio utakaoshika rangi. Pia pita kwa mama ntilie jirani na shule umwombe vikonyo vya bamia anavyotupa. Bamia likikatwa kwa upana linagonga ua, mara nyingi la pembe tano, na hakuna mtoto anayeamini mpaka alione. Kipande cha bua la mgomba nacho kinatoa vyumba vyumba kama sega la nyuki. Chukua vya kutupwa tu, tusifundishe watoto kuchezea chakula.

Fundi fulana, Mbagala: Naweza kugonga hivi kwenye kitambaa na kikafuliwa?

Jibu: Unaweza, lakini rangi ya ukuta inakauka ngumu na kupasuka kwenye mikunjo. Tumia rangi ya maji ya kuchapia fulana, na hiyo usitie uji, utaidhoofisha. Kitambaa kiwe cha pamba, marikani inafaa sana, na kifuliwe kwanza kutoa wanga wa dukani. Ikikauka siku nzima, piga pasi ya moto kwa upande wa nyuma ndipo ufue. Mtaa wa Uhuru ukitafuta utapata marikani ya kila uzito.

Mzazi, Kimara: Mwalimu, samahani kama nakosea. Majina mengine ya kanga ni vijembe. Hamuogopi watoto wataandika maneno ya kugombanisha watu?

Jibu: Hujakosea mama, ni swali la haki. Mwaka jana kundi moja lilitunga kijembe kwa kundi jingine. Sikukataza. Niliwaambia watakapomaliza watasimama mbele ya darasa wasome jina lao kwa sauti, kisha wamkabidhi kanga yule wanayemsema. Walikaa kimya, wakaomba mihuri mipya, wakatunga DALADALA LIMEJAA MOYO HAUJAJAA. Naona kujua kwamba neno litasomwa na mtu ni sehemu ya sanaa ya kanga.

Mwalimu mpya, Kigamboni: Kwa nini usiwafundishe Tingatinga? Ndiyo inayouzika, na watoto wangepata kitu cha kujitegemea.

Jibu: Naiheshimu sana Tingatinga, na mwisho wa muhula nawapeleka Oysterbay wakaone wachoraji wakifanya kazi. Lakini fikiria alivyoanza mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi za vibarua hapa mjini, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli. Alichukua vilivyokuwepo mtaani akajaribu. Miaka minne tu baadaye, 1972, alikuwa ameshafariki, na mtindo ukabaki na jina lake. Nikianza kwa kumpa mtoto tembo wa Tingatinga anakili, nimempa alipofikia yule mzee. Nataka kwanza ajue mzee alianzaje. Akishapitia ndala, akimwona yule tembo anauliza maswali mengine kabisa.

Mwalimu wa Tabata: Na alama unatoaje? Wakaguzi wanataka namba.

Jibu: Kila mtoto anabandika kwenye daftari chapa yake ya kwanza kabisa kwenye gazeti na ya mwisho. Katikati anaandika kwa maneno yake alibadilisha nini na kwa nini. Natoa alama kwa umbali kati ya hizo mbili. Yule kijana wa N alikuwa na chapa ya kwanza mbaya kuliko wote darasani, na sentensi mbili za katikati zilizonifanya nimwite mwalimu wa hisabati aje asome.

Mzazi, Kimara: Ile kanga ya Jangwani iko wapi sasa? Ningependa kuiona.

Jibu: Kanga huwa doti mama, kwa hiyo wanafunzi walisema lazima wachape mbili. Moja iko ukutani darasani, karibu uione siku yoyote baada ya saa nane. Ya pili waliikunja wakampa yule mwenzao wa bondeni ampelekee mama yake.