Tovuti ya gesti Bagamoyo kwa lugha tatu: jinsi ya kuipanga ili Google isichanganye kurasa

Mwongozo huu ni kwa anayesimamia tovuti ya gesti au kampuni ya kutembeza watalii Bagamoyo, na anataka kila mgeni akitafuta Google apate ukurasa wa lugha yake.

Hatua ya 1: Chagua lugha

Weka tu lugha ambayo mtu akikuandikia WhatsApp utaweza kumjibu. Kiswahili na Kiingereza ni lazima. Kijerumani nacho kina nafasi yake hapa: Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi yalipohamia Dar es Salaam mwaka 1891, na historia hiyo inawagusa wasomaji wa Ujerumani.

Hatua ya 2: Panga anwani

Kila lugha iwe na folda yake: /sw/, /en/, /de/. Usitumie mtindo wa ukurasa mmoja unaobadilika lugha mtu akibonyeza kitufe huku anwani ikibaki ileile. Google itaona lugha moja tu, zile nyingine ni kama hazipo. Kuhusu kikoa (jina la tovuti yako mtandaoni), .co.tz inaiambia Google kwamba unalenga Tanzania. Kama wateja wako wengi wanatoka nje, chukua .com.

Hatua ya 3: Andika upya kwa kila msomaji

Mtanzania anayetafuta chumba ataandika "gesti Bagamoyo bei nafuu" au "lodge Bagamoyo". "Nyumba ya kulala wageni" ni lugha ya barua. Mjerumani ataandika "Unterkunft Bagamoyo". Anza kuandika maneno kwenye kisanduku cha Google, tazama mapendekezo yanayojitokeza, kisha uyatumie kwenye kichwa na maelezo mafupi ya ukurasa. Habari zenyewe nazo zitofautiane. Kwenye ukurasa wa magofu ya Kaole, wa Dar anataka kujua atapanda gari gani na bodaboda itamfikisha wapi; wa Ujerumani anaanzia uwanja wa ndege. Tafsiri ya mashine iliyopakiwa bila mtu kuipitia inaweza kuhesabiwa na Google kuwa taka (spam).

Hatua ya 4: Weka lebo za hreflang

Hreflang ni lebo inayoiambia Google kwamba ukurasa una matoleo ya lugha nyingine, na yako kwenye anwani zipi. Hapa ndipo tovuti nyingi zinapoharibika, kwa hiyo usikimbie. Kwenye sehemu ya head (ya juu ya HTML, ambayo msomaji haioni) ya ukurasa wa vyumba weka:

```
<link rel="alternate" hreflang="sw" href="https://tovutiyako.com/sw/vyumba/" />
<link rel="alternate" hreflang="en" href="https://tovutiyako.com/en/rooms/" />
<link rel="alternate" hreflang="de" href="https://tovutiyako.com/de/zimmer/" />
<link rel="alternate" hreflang="x-default" href="https://tovutiyako.com/en/rooms/" />
```

Mistari hii minne inakaa vilevile kwenye kurasa zote tatu. Ukurasa wa Kiswahili ukiutaja wa Kijerumani, nao wa Kijerumani lazima uutaje wa Kiswahili. Usipofanya hivyo, Google inaweza kuipuuza lebo. Mstari wa x-default ni kwa mgeni ambaye lugha yake huna. Anwani ziandikwe kamili, kuanzia https.

Ukurasa wa vyumba uelekee kwenye ukurasa wa vyumba wa lugha nyingine, kamwe si kwenye ukurasa wa mwanzo. Kama makala fulani haina toleo la Kijerumani, usiuweke mstari wa Kijerumani.

Misimbo ya lugha na nchi nayo ina mitego. Kiswahili ni sw, wala si swa. Uingereza ni GB, hivyo andika en-GB, si en-UK. Msimbo wa nchi hausimami peke yake: "tz" bila lugha ni kosa. sw-KE itumie pale tu ambapo Mkenya anapata kitu tofauti, mfano bei kwa shilingi za Kenya.

Kagua pia lebo ya canonical, inayoiambia Google ukurasa upi ndio wa asili kati ya zinazofanana. Kila toleo lijielekeze lenyewe. Zote zikielekea /en/, unaiambia Google kwamba Kiswahili na Kijerumani ni nakala zisizohitajika, na inaweza kukusikiliza.

Hatua ya 5: Usimlazimishe mgeni

Kumhamisha mtu kiotomatiki kwa kuangalia nchi aliyopo ni hatari: roboti ya Google (programu inayosoma tovuti) hupita mara nyingi kwa anwani za mtandao (IP) za Marekani, kwa hiyo itasukumwa kwenye Kiingereza kila siku. Weka viungo vya kawaida juu ya ukurasa: Kiswahili, English, Deutsch. Bendera ziache. Kiswahili utakipa ya Tanzania au ya Kenya?

Hatua ya 6: Kagua

Ripoti ya hreflang iliyokuwa Search Console (zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti) iliondolewa mwaka 2022. Tumia Screaming Frog, programu ya kukagua tovuti, ambayo toleo lake la bure linapitia hadi anwani 500, nyingi kuliko tovuti ya gesti inavyohitaji. Kisha, ndani ya Search Console, chunguza anwani moja ya kila lugha uone Google imechagua canonical ipi.

Usitegemee hreflang ikupandishe juu. Kazi yake ni kuonyesha toleo linalomfaa anayetafuta. Mabadiliko huchukua siku hadi wiki kadhaa. Na ukibadilisha anwani ya ukurasa mmoja, rekebisha mistari kwenye matoleo yote siku hiyohiyo, kisha elekeza anwani ya zamani kwenye mpya kwa 301 (uelekezaji wa kudumu).