Jinsi ya Kusoma Upepo wa Mlimani Kabla ya Kujenga au Kupanda Migomba

Usiku mmoja wa Februari, migomba yangu 18 iliyo chini ya jabali la Wanale, juu ya mji wa Mbale mashariki mwa Uganda, iling'olewa na upepo, na kulipokucha niliikuta imelala vichwa vikielekea mlimani. Nilishangaa, kwa kuwa upepo wa msimu ule hutoka kaskazini-mashariki, ukivuka mgongo wa mlima na kushukia upande wetu, kwa hiyo migomba ilipaswa kuangukia upande wa mjini. Kilichoiangusha ni upepo uliogeuzwa na jabali lenyewe, nami ningeweza kuugundua mapema kama ningejua namna ya kuutafuta.

Upepo ukikutana na mlima hubanwa, na unapobanwa huongeza kasi. Ndiyo maana huvuma kwa nguvu zaidi juu ya mgongo na katika mapengo yaliyo kati ya vilele. Ukishavuka, iwapo mteremko wa nyuma ni wa wastani, hushuka ukiifuata ardhi. Lakini ardhi ikiwa imekatika ghafla, kama ilivyo Wanale, upepo huruka mbele, na hewa iliyo chini yake hujizungusha na kurudi kinyume, ikipanda kuelekea jabali. Mabaharia wa pwani huita upande unaopigwa na upepo goshi, na upande uliokingwa demani. Maneno hayo yanatufaa sana sisi watu wa milimani, mradi tukumbuke kwamba demani ya jabali haina utulivu wa kuaminika.

Anza na kalenda. Kuanzia Desemba hadi Februari upepo wa Uganda hutoka zaidi kaskazini-mashariki, na kuanzia Juni hadi Agosti hutoka zaidi kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo mteremko uliokuwa goshi mwezi wa Januari unaweza kuwa demani mwezi wa Julai. Katika misimu ya mvua iliyo katikati, dhoruba za radi huleta upepo wa ghafla kutoka pande zote. Juu ya hayo, mlima una upepo wake wa kila siku: jua linapochoma miteremko hewa hupanda, na usiku hewa iliyopoa, ambayo ni nzito, huteremka hadi bondeni. Mtu aliyekagua kiwanja mara moja tu, tena mchana, amejua sehemu ndogo sana ya tabia yake.

Chukua miti mitatu yenye urefu wa mita 3, ufunge kwenye ncha ya kila mmoja utepe wa kitambaa chepesi, kisha usimike mmoja juu ya mgongo, mwingine katikati ya mteremko na wa tatu chini. Andika katika daftari utepe unaelekea wapi alfajiri, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa muda wa juma moja, na urudie msimu ukibadilika. Saa tatu usiku ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu wakati huo hewa ya chini inapaswa kuwa inateremka. Utepe wa juu ukielekea mjini ilhali wa chini unaelekea mlimani, umekwisha kuupata mzunguko ulioangusha migomba yangu. Tazama pia miti mikongwe iliyoinamia upande mmoja, na uwaulize wazee ni nyumba zipi zimewahi kuezuliwa.

Ukishapata picha hiyo, usijenge juu ya mgongo, wala katika pengo la vilele, wala chini kabisa bondeni ambako baridi na ukungu hutuama. Mteremko wa wastani ulio mbali na jabali ndio ninaoupendekeza. Wala usikimbilie kijishimo kilichokingwa na upepo kwenye mteremko mkali, kwa maana maporomoko ya udongo ya Machi 2010 huko Bududa, wilaya iliyo kwenye mlima huu huu, yaliwaua watu wengi mno, na hatari ya namna hiyo inapita ya upepo. Paa liwe na pande nne, na mbao zake zifungwe ukutani kwa waya imara, kwa sababu upepo unaopita juu ya bati hulivuta kwenda juu, hasa upande wa demani.

Kwa shamba, panda safu za miti ya mgrevilea upande wa goshi. Safu inayopitisha karibu nusu ya upepo hukinga eneo lenye upana wa takriban mara 10 ya kimo chake, wakati ukuta usiopitisha hewa hutengeneza mzunguko wake mdogo nyuma yake. Hata hivyo migomba yenye mikungu ihimiliwe kwa miti yenye panda, na iliyo karibu na jabali iwekewe miti hiyo pande mbili, wa juu na wa chini ya mteremko.